UZI: Zebaki ikishaingia kwenye udongo huwa imekwenda wapi?

Mleta mada

Salaam, wanajukwaa.

Mijadala mingi kuhusu zebaki huanzia kwa mchimbaji mdogo anayechoma dhahabu na kuishia kwa samaki aliyeko sahanini. Katikati ya hao wawili kuna udongo, nao tunauruka kana kwamba ni mahali pa kupitia tu. Nimeuanzisha uzi huu kwa ajili ya udongo wenyewe, kwa kuwa naona imani kwamba ardhi "imeinywa" zebaki na mambo yamekwisha inatugharimu sana, tena kwa miaka mingi baada ya mwagaji kuondoka.

Zebaki ni elementi. Haiozi, haichakai, wala hakuna moto au bakteria anayeweza kuivunja ikawa kitu kingine kisicho na madhara. Sumu nyingi za mashambani hatimaye humeng'enywa na jua, maji na vijidudu, hata kama huchukua muda mrefu. Zebaki hubadili umbo tu, na kila umbo lina tabia yake. Kuna ile ya kimiminika inayong'aa, nzito mara 13.5 kuliko maji, ambayo hutoa mvuke usio na rangi wala harufu hata katika joto la kawaida. Kuna chumvi zake, ambazo hushikana na chembe za udongo au kuyeyuka majini kutegemea imeungana na nini. Na kuna methili zebaki, ambamo zebaki imeungana na kaboni, na hili ndilo umbo linalopenya kwenye ubongo, linalovuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni, na linaloongezeka kadiri mnyama mmoja anavyomla mwingine. Mtu akikuambia kuwa udongo fulani "una zebaki" bila kukuambia ni umbo gani na umekaa katika hali gani, amekupa nusu ya habari.

Kwa asili zebaki nyingi hukaa ndani ya sinaba, jiwe jekundu ambamo imeshikana na salfa, na ikiwa humo huwa imetulia sana. Machimbo ya Almadén nchini Hispania yalichimbwa kwa zaidi ya miaka 2,000 na yale ya Idrija nchini Slovenia tangu 1490, na sehemu kubwa ya zebaki iliyotoka huko ilisafirishwa duniani kote kwenda kukamata dhahabu na fedha. Jiwe lililokuwa limetulia lilichomwa ili kuifungua zebaki, na tangu hapo haijapata njia rahisi ya kurudi ilikotoka.

Ikiwa hewani, haikai mahali ilipotolewa. Mvuke wa zebaki unaweza kuelea miezi kadhaa hadi mwaka mmoja, muda unaotosha kuuzungusha dunia nzima, kabla haujabadilika na kushuka na mvua au vumbi. Tathmini ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ilikadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilirusha hewani takribani tani 2,220. Karibu asilimia 38 ilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu, na asilimia 21 hivi na uchomaji wa makaa ya mawe. Si mvua peke yake inayoishusha. Majani ya miti huunyonya mvuke huo kupitia vitundu vyake vya kupumulia, kisha yanapodondoka huipeleka zebaki chini pamoja nayo. Ndiyo sababu msitu uliosimama wima karibu na machimbo ya dhahabu ya Madre de Dios, nchini Peru, umekutwa na zebaki nyingi katika majani na katika udongo kuliko maeneo jirani yaliyokwisha kukatwa miti, na hata ndege wake wamekutwa nayo kwa wingi. Msitu huo ambao haukuguswa na shoka ndio unaoipokea sumu kwa wingi zaidi, jambo ambalo kila nikilitafakari hunisikitisha.

Ikishafika chini, hunaswa na mboji. Ndani ya mboji kuna salfa, na zebaki huishika salfa kwa nguvu kuliko karibu kitu kingine chochote, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki katika tabaka la juu la udongo. Hapa ndipo tunapodanganyika. Tabaka la juu ndilo linalolimwa, linaloliwa na mmomonyoko, linalochomwa moto wakati wa kusafisha mashamba, na ndilo watoto wanalochezea. Moto wa msituni huirudisha angani zebaki ambayo ilichukua miaka mingi kujikusanya. Mafuriko hubeba chembe za udongo pamoja na mzigo wake hadi mtoni. Katika mito ya California, zebaki iliyopotea wakati wa uchimbaji wa dhahabu ulioanza katikati ya karne ya 19, ambayo ni maelfu ya tani, bado ipo kwenye mashapo na bado inafika kwa samaki.

Jambo la hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni maji yanayotuama. Udongo unapojaa maji, oksijeni huisha, na bakteria wasiohitaji oksijeni huchukua nafasi. Baadhi yao, hasa wale wanaotumia salfeti na wale wanaotumia chuma katika kupumua kwao, huigeuza zebaki ya kawaida kuwa methili zebaki. Mwaka 1969 Søren Jensen na Arne Jernelöv wa Uswidi walionyesha kwamba vijidudu vilivyomo kwenye mashapo vinaweza kufanya kazi hiyo, na mwaka 2013 zikatambuliwa jeni mbili, hgcA na hgcB, zinazowapa uwezo huo. Kwa hiyo kipande kilekile cha ardhi chenye kiasi kilekile cha zebaki kinaweza kuwa na madhara madogo kikiwa kikavu, kisha kikawa chanzo kikubwa cha sumu kikigeuzwa bwawa. Nchini Kanada, mabwawa ya umeme yalipojazwa maji, zebaki katika samaki ilipanda ilhali hakuna aliyemwaga hata gramu moja mpya. Iliyokuwepo kwenye udongo wa msitu ilitosha.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo, ila nina shaka moja ambayo ningependa uijibu kwa uwazi. Kuna watu wameishika zebaki kwa mikono mitupu miaka mingi, na kuna mamilioni ya watu ambao meno yao yamezibwa kwa mchanganyiko wenye zebaki. Wengi wao wanaishi na wanafanya kazi. Je, hofu hii haijakuzwa kupita kiasi?

Mleta mada

Swali lako ni la haki, na jibu lake linarudi kwenye maumbo niliyoyataja. Zebaki ya kimiminika ikimezwa, utumbo hunyonya sehemu ndogo mno, chini ya asilimia 0.01. Mvuke wake ukivutwa, mapafu hunyonya karibu asilimia 80. Methili zebaki ikiliwa, utumbo hunyonya karibu yote, asilimia 95 hivi. Aliyeishika mkononi akasema haikumdhuru amesema kweli kuhusu ngozi yake, lakini hawezi kulisemea pafu lake alipochoma amalgamu, yaani donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki, wala mtoto atakayezaliwa kando ya mto, upande wa chini ambako maji ya machimbo yanafika.

Kuna jambo lingine linalowapotosha watu, nalo ni kuchelewa kwa dalili. Katika majira ya baridi ya 1971 hadi 1972, wakulima nchini Iraki walipewa mbegu za ngano zilizopakwa dawa ya kuzuia ukungu yenye methili zebaki. Mbegu zilitiwa rangi, na maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wengine waliiosha rangi wakidhani wameiosha sumu. Wengine waliwalisha kuku kwanza, wakangoja siku kadhaa, wakaona hakuna kilichotokea, wakaoka mikate. Dalili zilikuja baada ya wiki nyingi: ganzi mikononi na mdomoni, kuyumba, kupungua kwa uwezo wa kuona. Watu 6,530 walilazwa na 459 kati yao walifia hospitalini. Mtu anayesema "nimeitumia na sijaona kitu" yupo katika hali ileile ya yule aliyewatazama kuku wake.

Na kwa mtoto aliye tumboni kipimo ni tofauti kabisa. Kule Minamata, nchini Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, walizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo kwa akina mama ambao wenyewe walikuwa na dalili hafifu au hawakuwa nazo. Uzima wa mtu mzima hauwezi kutumika kama ushahidi wa usalama.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mkulima na ningependa kuuliza jambo la vitendo. Shamba likiwa karibu na mahali panapochenjuliwa dhahabu, je, mboga na nafaka zinaifyonza zebaki kutoka kwenye udongo? Na je, ni kweli kwamba kuna mimea inayoweza kupandwa ili kuusafisha udongo huo?

Mleta mada

Ndugu mkulima, nitaanza na habari ambayo huwashangaza wengi. Kwa mimea mingi, mizizi huishika zebaki na kuizuia isipande sana juu, kwa hiyo zebaki unayoikuta kwenye majani huwa imetoka zaidi hewani kuliko ardhini. Mboga za majani zilizopandwa karibu na mahali pa kuchomea amalgamu huchafuliwa na mvuke na vumbi hata kama udongo wa bustani ni safi. Kuhamisha bustani mbali na moshi, au kuuzuia moshi wenyewe, kunaweza kuwa na faida kubwa kuliko kubadilisha udongo. Kuosha mboga huondoa vumbi lililokaa juu ya jani, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani.

Mpunga ni habari nyingine, na hapa naomba usome kwa makini. Jaruba ni udongo uliotuamishwa maji kwa miezi, yaani mazingira yaleyale wanayoyapenda bakteria niliowaeleza. Katika eneo la Wanshan, mkoani Guizhou nchini China, ambako sinaba ilichimbwa kwa muda mrefu, mchele ulikutwa na methili zebaki kwa kiwango ambacho kwa wakazi wa huko wali ndio uliokuwa njia kuu ya kuipata, kuliko samaki. Ardhi inayoshukiwa kuwa na zebaki isigeuzwe jaruba kabla haijapimwa, na zao lisilohitaji maji ya kutuama ni chaguo salama zaidi.

Vumbi nalo tunalipuuza mno. Mjini Huancavelica, nchini Peru, ambako Wahispania waliyeyusha zebaki kwa karne kadhaa, watu walijenga nyumba kwa matofali ya udongo wa palepale, na kuta na sakafu za baadhi ya nyumba hizo zimepimwa na kukutwa na zebaki nyingi. Familia imezungukwa na udongo huo usiku na mchana, na mtoto anayetambaa huupeleka mdomoni. Mwenye kufinyanga matofali karibu na machimbo ya zamani anapaswa kujua kwanza udongo wake ulitoka wapi.

Kuhusu mimea ya kusafisha udongo, ningependa nikupe jibu la kutia moyo lakini sina. Kwa metali kama nikeli ipo mimea inayojaza metali hiyo kwa wingi katika majani yake. Kwa zebaki hatuna mmea wa aina hiyo unaotegemewa. Wanasayansi waliwahi kuipandikiza mimea jeni ya bakteria inayoigeuza zebaki ya chumvi kuwa mvuke, na mimea ikaweza kustahimili udongo wenye sumu. Lakini mvuke huo ulikwenda hewani, na tumekwisha kuona hewa inaipeleka wapi. Kazi ya mimea ambayo naiamini ni kuufunika udongo kwa nyasi na miti ili usipeperushwe wala kusombwa.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongezee kuhusu marudio, yaani mchanga na tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa, kwa sababu nimefanya kazi ya kupima sampuli za udongo na nimeona namna yanavyoshughulikiwa. Mahali pengi zebaki hutiwa moja kwa moja kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, pamoja na mawe yote, badala ya kutiwa kwenye mchanga mzito uliokwisha kuchujwa kwa karai au kwa mteremko wenye zulia. Zebaki inayosagwa namna hiyo huvunjika kuwa vitone vidogo mno ambavyo haviwezi tena kukamatwa, navyo huondoka na marudio. Baadaye, kwa kuwa marudio bado yana dhahabu, huuzwa na kuoshwa tena kwa sayanaidi. Sayanaidi haibagui: inapoiyeyusha dhahabu huiyeyusha na zebaki, na zebaki iliyoshikana na sayanaidi husafiri na maji kwa urahisi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki yaliyopewa jina la mji huo wa Japani, uliopitishwa tarehe 10 Oktoba 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unautaja utaratibu huo miongoni mwa vitendo vinavyopaswa kukomeshwa, pamoja na kutia zebaki kwenye mawe yote, kuchoma amalgamu waziwazi na kuichomea katika makazi ya watu.

Jambo la pili ni kuhusu vipimo. Nimepokea sampuli zilizokaushwa kwenye tanuri lenye joto kali kabla ya kufikishwa maabara, na mwenye sampuli akafurahia majibu madogo aliyopata. Zebaki ilikuwa imeondoka kama mvuke ndani ya tanuri. Vilevile wapo wanaochimba shimo la nusu mita, wakachanganya udongo wote na kupima mara moja, wakati tabaka la sentimita chache za juu ndilo lenye mzigo mkubwa. Majibu ya namna hiyo yanaweza kumpa mtu utulivu asiostahili kuwa nao.

Mleta mada

Nakushukuru sana kwa nyongeza hii, na hasa kwa suala la sayanaidi. Mchimbaji mdogo mara nyingi hulaumiwa kwa zebaki aliyoitia yeye, lakini anayenunua marudio na kuyaosha bila kuondoa zebaki kwanza, mara nyingi akiwa na mtaji mkubwa kuliko mchimbaji, huitoa mahali ilipotulia na kuipeleka kwenye maji ya wengine. Nadhani hapo ndipo usimamizi ungepaswa kukazwa mapema. Kwa mchimbaji, kigida, yaani chombo kilichofungwa kinachoukamata mvuke na kuurudisha kuwa kimiminika, ni hatua nzuri inayomlinda yeye na jirani zake, lakini hakifanyi lolote kwa zebaki iliyokwisha kuondoka na marudio. Njia za kuchenjua zisizotumia zebaki kabisa ndizo zinazoulinda udongo.

Kuna aliyeniuliza pembeni kama udongo uliokwisha kuharibika unaweza kurudishwa. Unaweza kupunguziwa madhara, lakini gharama zake ni za kutisha, na Minamata ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kiwanda cha Chisso kilitumia zebaki kama kichocheo katika kutengeneza asetaldehaidi na kumwaga maji yake machafu baharini kuanzia 1932 hadi 1968. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, kwa hiyo umwagaji uliendelea miaka 12 baada ya watu kuanza kuugua hadharani. Kazi ya kulisafisha tope la ghuba ilianza 1977 na kumalizika 1990: takribani mita za ujazo milioni 1.5 za tope zilishughulikiwa, sehemu ya ghuba ikajazwa na kuwa nchi kavu ya hekta 58, na gharama ikafikia yeni bilioni 48.5. Baada ya yote hayo zebaki haikuangamizwa. Imefunikwa, ipo chini ya ardhi ile mpya, na mtu lazima aendelee kuilinda.

Njia nyingine zina mipaka ileile. Udongo unaweza kupashwa joto la mamia ya nyuzi hadi zebaki itoke kama mvuke na kukamatwa, lakini joto hilo huua kila kilicho hai ndani ya udongo, na kinachobaki si udongo wa kulima. Unaweza kuchanganywa na salfa ili zebaki irudi katika umbo linalofanana na sinaba, na hii naiona kuwa njia yenye hekima zaidi kwa taka zilizokusanywa pamoja, ila ni vigumu kuitumia kwa bonde zima. Unaweza kuchimbwa na kupelekwa kwenye shimo lililotandikwa vizuri, na hapo swali linakuwa ni nani anaishi jirani na shimo hilo. Mkataba wenyewe, katika kifungu cha 12, unazitaka nchi zijitahidi kuandaa mikakati ya kuyatambua na kuyatathmini maeneo yaliyochafuliwa, bila kuzilazimisha kuyasafisha. Katika mto Wabigoon, mkoani Ontario nchini Kanada, kiwanda kilimwaga takribani tani 9 za zebaki kati ya 1962 na 1970, na zaidi ya nusu karne baadaye jamii ya wenyeji wa Grassy Narrows, ambayo iliishi kwa samaki wa mto huo, bado inaishi na athari zake.

Mchangiaji wa pili

Nimeelewa, mkuu. Basi mtu mwenye kipande cha ardhi anachokishuku aanzie wapi?

Mleta mada

Aanze kwa kuuliza historia ya mahali kabla hajachukua sampuli yoyote: karasha lilikuwa wapi, amalgamu ilichomewa upande gani, marudio yalirundikwa wapi na mvua iliyasomba kuelekea wapi. Wazee na waliowahi kufanya kazi hapo wanajua mambo ambayo hakuna ramani inayoyaonyesha. Kisha achukue sampuli za tabaka la juu peke yake, na za chini peke yake, akiweka na sampuli kutoka mahali pa mbali pasipo na historia hiyo ili awe na cha kulinganisha. Udongo usioguswa kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 0.2 za zebaki kwa kilo. Asizikaushe kwa moto, kama ndugu yetu alivyoeleza. Palipo na maji yanayotuama aombe kipimo cha methili zebaki pia, na samaki wa hapo wapimwe, kwa kuwa samaki anayekula samaki wenzake huonyesha kile ambacho kipimo cha maji peke yake hakionyeshi.

Wakati akisubiri majibu, asichimbe bwawa la samaki hapo, asilime jaruba, asichome majani na visiki, wala asiuhamishe udongo huo kwenda kusawazisha uwanja mahali pengine. Auache umefunikwa na nyasi, na azuie maji ya mvua yasipite juu yake kwa kasi. Anayefanya usafi ndani ya nyumba iliyowahi kuchomewa dhahabu alowanishe vumbi kwanza, asifagie kavu. Na ikiwa kuna mwanamke mjamzito au mtoto mdogo anayeishi hapo, hao wahamishwe kutoka karibu na mahali pa kuchomea mapema, bila kusubiri karatasi ya maabara.